Kansa ya matiti Uvira: kipande cha nyama kinaijua dawa, lakini kinapotea njiani

Uvira, Kivu Kusini – Mama akisema nyumbani kwamba ameshika uvimbe mgumu kwenye titi, maneno hayakawii. Jirani atasema ni maziwa yaliyoganda. Shangazi atauliza kama hakula kwa mtu, maana huenda ni karuho. Mwingine atataja chumba cha maombi. Na yule aliyewahi kupelekwa Bukavu au Bujumbura kwa matibabu atashusha sauti na kusema: kansa. Tangu hapo mabishano yote, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, yanakuwa juu ya jina la ugonjwa. Swali linalofuata, lile linaloamua dawa, halisikiki: kansa ya namna gani?

Jibu lake haliko juu ya ngozi. Daktari hawezi kulipata kwa kugusa, na ekografi hailioni. Liko ndani ya kipande chembamba cha nyama, urefu wa punje mbili tatu za mchele, kinachotolewa kwenye uvimbe kwa sindano nene. Kazi hiyo inaitwa biyopsi. Ndani ya kipande hicho kuna protini, na hizo ndizo zinazoonyesha ni dawa gani itasaidia na ipi itakuwa hasara tupu. Kipande kikipotea, au kikioza njiani, au karatasi ya majibu ikiungua pamoja na nyumba, mama anatibiwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kutunza na kusafirisha vipande hivi kunastahili kuhesabiwa miongoni mwa huduma za kwanza za afya Uvira na kwenye kambi za waliokimbia makwao, hata katika wakati huu wa vita. Si anasa ya kungojea amani na hospitali kubwa ya kansa. Fedha inayotakiwa si nyingi. Kinachokosekana zaidi ni ofisi moja ya kusema kwamba kazi hii ni yake.

Kansa moja kwa jina, nyingi kwa ndani

Watu wa Uvira wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani, kwa sababu ya kipindupindu. Kwa miaka watafiti walipima kinyesi cha wagonjwa waliolazwa kwenye kituo cha kipindupindu cha mji huu, na zaidi ya nusu ya waliopimwa hawakuonekana na kijidudu hicho. Walikuwa wanaharisha, walikuwa wameishiwa maji mwilini, kwa macho walikuwa wagonjwa walewale. Kipimo ndicho kilichowatenganisha. Kansa ya matiti ni hivyo pia. Mama wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa mmoja, upande mmoja, umri mmoja, na kila mmoja akahitaji dawa yake.

Protini tatu ndizo zinazoangaliwa kwanza. Ya kwanza ni kipokezi cha estrojeni. Estrojeni ni homoni ya kike, na mwaka 1958 Elwood Jensen wa Chicago alionyesha kwamba baadhi ya nyama za mwili zina protini inayoikamata. Ni kama kufuli: homoni inaingia kama ufunguo, na seli inapata amri ya kuzaana. Ya pili ni kipokezi cha projesteroni, ndugu wa ile ya kwanza. Ya tatu inaitwa HER2. Hii inakaa juu ya ngozi ya seli, na ikizidi, seli inakua kama gari lisilo na breki kwenye mteremko wa Ngomo.

Kansa yenye kipokezi cha estrojeni ina dawa ambayo haihitaji mashine wala kitanda cha hospitali: tamoksifeni, kidonge kinachoziba lile kufuli. Kawaida ni miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa miaka 5 au zaidi. Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio ya dawa hiyo yaliyofanywa kwa maelfu ya wanawake. Waliona kwamba kwa wenye kipokezi, miaka 5 ya tamoksifeni ilipunguza vifo vya kansa ya matiti kwa kama theluthi moja, na faida hiyo iliendelea kuonekana katika miaka 15 ya kufuatiliwa. Kwa wale wasio na kipokezi, kidonge hichohicho hakikuwasaidia kitu. Tamoksifeni imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hakuna kampuni inayoimiliki peke yake tena, na viwanda vingi vinaitengeneza. Katika dawa zote za kansa, ni vigumu kupata nyingine inayofaa zaidi kwa mtu anayelala chini ya hema. Hata hivyo si ya kununua dukani kwa kusikia. Haifai kwa mwenye mimba, na inaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya baadhi ya watu. Inatolewa na daktari, na daktari anahitaji karatasi ya laboratwari mbele yake.

HER2 inazidi kwenye kansa kama moja kati ya tano au sita. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kansa hizo ni kali zaidi, na mwaka 1998 dawa ya kuzipiga, trastuzumabu, ikaruhusiwa kule. Ni dawa ya sindano na bei yake ni kubwa. Ilichukua hadi 2015 kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya dunia, na hadi Desemba 2019 kwa Shirika la Afya Duniani kuidhinisha nakala yake ya kwanza ya bei nafuu. Kenya mwaka 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche ili bima ya taifa ilipe sehemu na kampuni ibebe iliyobaki. Kongo bado iko mbali na hapo. Lakini hakuna serikali inayoweza hata kuanza kujadili bei kama haijui ni wanawake wangapi wanaihitaji, na hesabu hiyo inatoka kwenye vipande vya nyama.

Inabaki kansa isiyo na hata moja ya protini hizo tatu. Waganga wanaiita hasi tatu. Inakua haraka, inawapata zaidi wanawake vijana, na inaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Hapo tamoksifeni haina kazi. Dawa kali za kuua seli, zile zinazong'oa nywele, ndizo msingi, na kuchelewa mwezi mmoja kuna bei yake.

Nyama inayodanganya

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kansa ya wanawake wa Afrika ni ya kwao peke yao, kwamba mara nyingi haina kipokezi, na kwamba basi tamoksifeni si dawa yao. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye vyumba vya hospitali. Mwaka 2014 Amanda Eng, Valerie McCormack na Isabel dos-Santos-Silva walikusanya tafiti za sehemu nyingi za Afrika na kuzisoma pamoja. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, kwenye tafiti zilizofanywa kwa uangalifu, kansa kama sita kati ya kumi zilikuwa na kipokezi cha estrojeni. Ni wengi wao, si wachache.

Waligundua na jambo lingine, ambalo kila chumba cha upasuaji kingelibandika ukutani. Pale nyama ilipopimwa ikiwa mpya, iliyotunzwa kwa mpango, kipokezi kilionekana zaidi. Pale walipotumia vipande vya zamani vilivyotolewa kabati, kilionekana kidogo, tofauti ya kama asilimia 10. Wanawake wa aina ileile walipewa majibu mawili kwa sababu ya jinsi nyama yao ilivyowekwa.

Sababu inaeleweka kwa yeyote anayeuza ndagala au mikeke kule Kalundu. Samaki akitoka majini anaanza kuharibika saa hiyohiyo, hata kama kwa macho bado anang'aa. Nyama ya biyopsi nayo inaanza kupoteza protini zake mara inapokatwa. Kanuni inayofuatwa kwenye laboratwari kubwa ni kwamba kipande kiingie kwenye formoli kabla ya saa moja kwisha, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, na formoli iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa, nyingi kama mara kumi ya ile nyama. Baada ya hapo kinagandishwa ndani ya nta iitwayo parafini na kuwa bloku ndogo kuliko kiberiti. Bloku hiyo haihitaji friji. Inaweza kukaa miaka mingi kwenye droo ya kawaida na bado ikasomeka.

Ndipo fundi anaikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, anaviweka kwenye kioo na kuvimwagia kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili wenyewe unazitumia kukamata adui, lakini hapa zimetengenezwa ili kila moja ishike kitu kimoja tu. Namna ya kuzitengeneza iligunduliwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975, na ikawapa Nobel mwaka 1984. Kingamwili ikishika kipokezi, rangi ya kahawia inatokea. Hata asilimia 1 ya seli za kansa zikipata rangi, mama huyo anahesabiwa kuwa na kipokezi na tamoksifeni inaweza kufikiriwa.

Sasa tazama kinachotokea kote katika ukanda huu. Uvimbe unakatwa na kutupwa pamoja na pamba, kwa sababu hakuna aliyetazamia kuupima. Au familia inapewa kipande kwenye mfuko wa plastiki, kikavu, wakipeleke wenyewe. Au kimewekwa kwenye chupa ya maji ya dawa, na maji si formoli. Au kimeingia kwenye formoli siku ya pili, kisha kikalala humo wiki tatu kikisubiri barabara. Nyama ya namna hiyo ikifika laboratwari itaonyesha pengine kwamba hakuna kipokezi. Mashine haikukosea, na fundi hakukosea. Nyama ndiyo iliyodanganya. Mama ananyimwa kidonge cha bei ndogo ambacho kingempa miaka, na hakuna atakayejua.

Njia imekatika

Kabla ya vita hivi vya sasa safari yenyewe haikuwa nyepesi. Uvira hadi Bukavu ni karibu kilomita 130, kupitia bonde la Ruzizi, Kamanyola na milima. Mgonjwa mwenye uwezo alipanda gari, akalala kwa ndugu, akaenda Panzi au Hospitali Kuu ya Jimbo. Asiye na uwezo alibaki. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu, ulibeba na makaratasi ya hospitali ya familia nyingi, kitu ambacho hakihesabiwi kwenye ripoti za maafa.

Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa AFC/M23. Watu waliokuwa wanatibiwa huko wakashuka Uvira, wengine wakavuka Ruzizi kwenda Rugombo na baadaye kambi ya Musenyi nchini Burundi. Desemba 2025 vita vikafika Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu wakavuka tena. Katika makundi hayo yote kulikuwa na wanawake waliokuwa katikati ya matibabu. Hiyo haihitaji utafiti kuijua. Kansa ya matiti ndiyo kansa inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote duniani, milioni 2.3 kwa mwaka 2022, na 670,000 waliokufa mwaka huo. Ugonjwa huo haukubaki nyuma mji ulipokimbia. (Na wanaume nao hupata, ingawa ni kama mmoja kwa mia au pungufu. Baba mwenye uvimbe nyuma ya chuchu asione haya.)

Mfikirie mama aliyeanza tamoksifeni Bukavu. Anakimbia na watoto, sufuria na godoro. Vidonge vinaisha mwezi wa pili. Kwenye kituo cha afya cha kambi anaeleza kwamba alikuwa anakunywa kidonge kidogo cheupe cha titi. Muuguzi anamsikiliza vizuri, lakini hawezi kumpa dawa ya kansa kwa maelezo hayo, na ana haki ya kukataa. Kidonge kinakatika, si kwa sababu kimeshindwa, bali kwa sababu karatasi moja haikuvuka mto. Huyu alishapimwa, alishapata jibu, dawa yake ipo duniani kwa bei ndogo. Kumpoteza huyu ni uzembe wa mipango, na vita visitumiwe kuufunika.

Askari wanaodanganywa kwenye barière

Siku hizi simu zinaleta habari nyingine: kwamba kansa sasa inatibiwa kwa kuamsha askari wa mwili. Habari hiyo ni ya kweli, lakini inafika hapa imekatwa kichwa na miguu.

Ndani ya damu kuna seli nyeupe ziitwazo T. Zinapita kila mahali zikikagua, kama wale wanaosimama kwenye barière. Seli ya kansa ilipaswa kukamatwa. Lakini baadhi yake zinavaa protini iitwayo PD-L1, na askari akiiona anaiachia ipite, kama msafiri aliyeonyesha jeton. Dawa mpya zinaiziba jeton hiyo ili askari afanye kazi yake. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliogundua breki za namna hii na jinsi ya kuzifungua, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2018. Watu wa Kivu wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Tarehe 10 Desemba, siku ileile Allison na Honjo walipopokea tuzo yao Stockholm, Dokta Denis Mukwege wa Panzi alikuwa Oslo pamoja na Nadia Murad kupokea ile ya amani.

Moja ya dawa hizo, pembrolizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2021 kwa kansa ya hasi tatu iliyo hatarini kurudi, hata kabla haijaenea. Kwa iliyokwisha kuenea, inatolewa pale PD-L1 inapoonekana ya kutosha kwenye nyama. Bei yake kule ni zaidi ya dola 10,000 kwa dozi moja. Kuwaahidi wanawake wa Uvira dawa hiyo leo ni kuwacheka.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao hauna bei hiyo. Wale askari wanaonekana kwa macho. Kwa rangi mbili za kawaida, ya zambarau na ya waridi, ambazo laboratwari zimezitumia zaidi ya miaka mia, na kwa darubini ya kawaida, mtaalamu anaweza kuona kama seli nyeupe zimeingia ndani ya uvimbe au zimebaki nje. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana namna moja ya kuwahesabu. Mwaka 2024 ulitolewa utafiti uliofuatilia karibu wanawake 2,000 wenye kansa ya hasi tatu iliyokuwa bado changa, ambao hawakupewa dawa kali. Wale ambao askari wao walikuwa wengi ndani ya uvimbe waliishi zaidi kuliko wale ambao kwao walikuwa wachache. Hakuna kingamwili ya bei ghali hapo. Ni rangi, kioo, na jicho lililofundishwa. Bado haimaanishi kwamba mama aache dawa kwa kuwa askari wake ni wengi. Inamaanisha kwamba jimbo likiwa na watu wachache tu waliosomea kusoma nyama, litapata habari ambayo mashine za mamilioni zingekuja nayo baadaye.

Na hapa kuna neno kwa wanaouza chupa za "kuongeza kinga" sokoni na kwenye vikundi vya simu. Kinga ya mwili si betri ya kuchajiwa. Kama ilivyoonekana, kansa haishindi kwa sababu askari wamekonda. Mara nyingi inashinda kwa sababu inawadanganya. Hakuna mchanganyiko wa mizizi, asali na tangawizi unaoiondoa jeton ile. Anayemwuzia mama chupa ya dola 20 na kumwambia asubiri miezi mitatu amemwibia miezi mitatu, na hiyo ni wizi mkubwa kuliko dola 20.

Wanaosema si wakati wake

Wapo wanaouliza, na si watu wabaya: mtu ambaye hana maji safi, hana unga, analala darasani na familia nne, umwambie habari za protini? Swali ni la haki. Hakuna anayetaka fedha ya maji ipelekwe kwenye kansa. Na ni kweli pia kwamba kupima protini hakumwokoi mama anayefika na kidonda kilichopasuka na kansa iliyofika kwenye mifupa. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia ulikuta kwamba kama nusu tu walikuwa hai baada ya miaka 3, na kuchelewa kufika kulikuwa sababu kubwa. Kwa hiyo kuja mapema ndiyo dawa ya kwanza, na kila mama, kila mume, kila mama mkwe anapaswa kulisikia hilo.

Lakini tazama kilichofanyika kwa mpox. Ugonjwa ulipotokea Kamituga mwishoni mwa 2023, majimaji ya vidonda yalisafirishwa kutoka kwenye machimbo yale, kwa barabara zinazojulikana zilivyo, hadi kwenye laboratwari zilizogundua kwamba kirusi kimebadilika. Agosti 2024 dunia nzima ilitangaziwa hatari. Chupa zilipata magari, magari yalipata mafuta, na majibu yalirudi. Makohozi ya kifua kikuu nayo yanasafiri kila siku. Njia ya kupeleka vipimo ipo basi. Ni ugonjwa gani unaruhusiwa kupanda lile gari, hilo ni jambo la uamuzi tu. Mgonjwa wa kansa haambukizi jirani, na hiyo ndiyo sababu hasa inayomfanya asahaulike: hamtishi mtu.

Hata mashine ya GeneXpert, ambayo Kivu inaijua kwa kifua kikuu, ina katriji iliyotengenezwa kwa kansa ya matiti. Haisomi protini yenyewe, inasoma ujumbe ambao seli inautumia kuitengeneza, na ilijaribiwa kwa nyama za wagonjwa wa Rwanda ikakaribiana vizuri na kipimo cha rangi. Kule Butaro, kituo cha kansa kilichofunguliwa mwaka 2012 kaskazini mwa nchi hiyo, walianza kwa kutuma vipande mpaka Boston nchini Marekani. Hawakungoja kuwa na kila kitu. Mtu wa Uvira anaweza kuwa na maneno mengi juu ya Kigali, na ana sababu zake, lakini somo hili la chupa na bloku halina bendera.

Ofisi za afya za Uvira, za Fizi na za bonde la Ruzizi, pamoja na mashirika yanayosaidia kambi pande zote mbili za mpaka, zinaweza kuanza kwa mambo machache. Kila hospitali inayokata uvimbe iwe na formoli iliyo sawa, na juu ya chupa iandikwe jina, tarehe, saa nyama ilipotoka mwilini na saa ilipoingia dawani. Hakuna uvimbe wa titi wa kutupwa. Gari la vipimo vya kifua kikuu liwe na sanduku moja la chupa hizi, lililofungwa vizuri. Barabara ikifungwa zaidi ya siku tatu, nyama iliyokwisha kuiva kwenye formoli ihamishiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70, kama mafundi wanavyofanya, isubiri humo. Njia ya Bukavu ikiwa haipitiki, uamuzi wa kupitisha chupa Kavimvira kuelekea Bujumbura, chini ya kilomita 30, uwe umekwisha kuandikwa na kujulikana na watu wa mpaka, si kuanza kubishaniwa juani na mtu aliyebeba chupa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba mwanamke apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kwa muganga. Siku 60 ni nyingi. Hata kwa vita, chupa inaweza kwenda na kurudi.

Shirika linaloleta vidonge vya presha na vya kisukari kambini linaweza kuongeza tamoksifeni kwa wale wenye karatasi. Watakuwa wachache kwa kila kambi. Ni wa kuhesabika kwa vidole, na ndiyo maana ni rahisi.

Familia nazo zina kazi yao, isiyo na gharama. Mama akikatwa uvimbe, ndugu aulize hapohapo: nyama inaenda wapi, kwa nani, na jibu litarudi kwa simu ya nani? Jibu likija, lipigwe picha, itumwe kwa watu wawili wanaoishi mahali tofauti, mmoja upande huu wa Ruzizi na mwingine ng'ambo. Maneno ya kutafuta kwenye karatasi, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, ni herufi chache: RE kwa kipokezi cha estrojeni, RP kwa kile cha projesteroni, na HER2. Kama mbele ya herufi hizo hakuna kitu, kipimo hakijafanyika, hata kama karatasi imejaa maneno na muhuri. Hapo ndugu aulize bloku iko wapi, kwa namba gani, na imeandikwa kwenye daftari la nani. Bloku inayojulikana ilipo inaweza kupimwa mwaka kesho, mama akiwa Musenyi, Baraka au amerudi nyumbani Luvungi.